Mbona Tina Haimbi? Jinsi Glee Ilivyogawa Hadithi Zake

Binti yangu amemaliza kidato cha nne na anangoja matokeo. Katika kungoja huko amejipatia tamthilia ya Kimarekani iitwayo Glee, misimu sita yote, kwenye flashi aliyojaziwa na rafikiye. Kila usiku baada ya Isha, tukishakula, huiweka kwenye televisheni. Mimi nilianza kwa kupita tu nikielekea chumbani, kisha nikawa nasimama mlangoni, na mwisho nikajikuta nimekaa kitako. Usiku mmoja, tukiwa msimu wa pili, akaniuliza: "Baba, mbona huyu Tina haimbi?"

Nikampa lile jibu la haraka la wazazi, kwamba si kila mtu anaweza kuimba mbele. Akanitazama kidogo. "Kama kwenye kasida zetu, basi," akasema, akarudisha macho kwenye televisheni.

Wanaonijua wanajua alikusudia nini. Miaka kadhaa sasa nimo kwenye kamati ya Maulidi ya madrasa ya mtaani kwetu, na katika mambo ninayoachiwa mimi ni kuamua nani aanze kasida na nani aitikie. Anayeanza kila mwaka ni msichana mmoja. Wengine wote huitikia, na mmoja wa hao waitikiaji ni huyu anayeniuliza habari za Tina.

Basi nikaanza kuitazama Glee kwa jicho jingine. Sikutafuta kama ni nzuri au mbaya, nilitaka kujua mgao wake unafanywaje. Tamthilia ina wahusika kumi na wawili au zaidi, wote wanapendeza, wote wana sauti. Kwa nini mmoja ana maisha kamili na mwingine ni kama pazia nyuma ya jukwaa? Niliyoyaona ndiyo haya.

Kwa asiyeijua, Glee ilirushwa na kituo cha Fox. Sehemu ya kwanza ilionyeshwa Mei 19, 2009 na ya mwisho Machi 20, 2015, jumla sehemu 121. Waliobuni ni watatu: Ryan Murphy, Brad Falchuk na Ian Brennan. Hadithi iko katika shule ya upili ya kubuni, McKinley, katika mji wa Lima, jimbo la Ohio. Mwalimu wa Kihispania, Will Schuester, anafufua kikundi cha waimbaji cha shule. Wanaojiunga ni wale wasio na pa kukaa wakati wa chakula cha mchana: Rachel Berry mwenye sauti kubwa na majivuno makubwa zaidi, Mercedes Jones msichana mweusi mnene, Artie Abrams wa kiti cha magurudumu, Kurt Hummel, na Tina Cohen-Chang, msichana wa asili ya Kiasia mwenye kigugumizi na nguo nyeusi. Baadaye wanaingia wachezaji wa mpira, akiwemo Finn Hudson, na wasichana wa kushangilia mpira, akiwemo Quinn Fabray. Kocha wa wasichana hao, Sue Sylvester, ndiye adui.

Kuna mambo humo ya mapenzi ambayo dini yangu na malezi yetu hayakubaliani nayo, na binti yangu nimeshazungumza naye waziwazi. Sitayarudia hapa. Leo nazungumzia mgao.

Anza na saa. Kipindi cha saa moja cha televisheni ya Marekani, ukitoa matangazo ya biashara, hubaki na dakika arubaini na kidogo. Tamthilia ya kawaida hutumia dakika hizo zote kusimulia. Glee huimba. Sehemu moja huwa na nyimbo tano, sita, mara nyingine saba, na kila wimbo huchukua dakika mbili au tatu. Toa dakika kumi na tano za muziki, zinabaki dakika chini ya thelathini. Sasa gawa dakika hizo kwa wanafunzi kumi na wawili, mwalimu, mke wa mwalimu, mwalimu anayempenda mwalimu, kocha, mkuu wa shule na baba wa Kurt. Kila mmoja anapata kama dakika moja na nusu, na humo humo lazima apigwe usoni na kinywaji cha barafu, maana huo ndio mzaha wao wa kila wiki.

Kwa hiyo mwandishi wa tamthilia ya muziki hawezi kumpa kila mtu hadithi kila wiki. Hilo si kosa lake. Swali ni nani anamweka upande, na kwa muda gani.

Fuata njia ya Tina uone. Katika sehemu ya nne ya msimu wa kwanza, Mwalimu Schuester anampa Tina wimbo wa peke yake, "Tonight", kutoka West Side Story. Sehemu moja tu imepita tangu kikundi kianze kutulia, na msichana wa nyuma ameitwa mbele. Kinachofuata ni Rachel kukasirika na kuondoka kikundini. Kamera inamfuata nani? Inamfuata Rachel. Wimbo ni wa Tina, lakini hadithi ni ya aliyenyimwa wimbo.

Sehemu ya tisa, Tina anamwambia Artie kwamba kigugumizi chake ni cha uongo, alikianza akiwa mdogo ili akwepe kusimama mbele ya darasa, kisha akashindwa kukiacha. Mimi nilikaa sawa kwenye kiti. Mtoto anayejificha ndani ya kasoro ya kujitungia ili asisemeshwe, hapo kuna hadithi ya msimu mzima! Artie anaumia, maana yeye kiti chake si cha kujitungia, anaondoka. Basi. Kigugumizi kimekwisha, na aibu iliyokizaa hatuambiwi ilikwenda wapi. Msimu wa pili unapoanza tunaelezwa kwamba wakati wa likizo Tina alimwacha Artie na sasa yuko na Mike Chang. Mwanzo wa penzi moja na mwisho wa jingine, vyote vimetokea sisi tukiwa hatupo.

Baadaye katika msimu huo wa pili wakatengeneza sehemu iliyoitwa "Night of Neglect", usiku wa waliosahauliwa. Wanafanya tamasha la kuchangisha fedha kwa kuimba nyimbo za wasanii wasiothaminiwa. Tina anapanda jukwaani, na kabla hajafika mbali anazomewa na watu waliopangwa na Sue, anateremka analia. Hapa ndipo binti yangu alipouliza lile swali lake. Waandishi walijua kabisa wamemsahau Tina. Wakalifanya kusahauliwa kwake kuwa mzaha, na mzaha ukawa ndio malipo yake.

Msimu wa tatu, sehemu ya ishirini, "Props", Tina anafoka. Amechoka kupiga makofi. Anaanguka kwenye chemchemi ya maji ndani ya jengo la maduka, anajigonga kichwa, na akizinduka anaona kila mtu amebadilika: yeye ndiye Rachel na Rachel ndiye Tina. Ni sehemu ya kuchekesha sana, waigizaji wanaigana vizuri mno. Lakini angalia inavyoishia. Tina, akiwa amepata akili za Rachel kwa dakika chache, anatambua Rachel anahitaji nini ili aingie chuo cha sanaa anachokitaka. Anarudi kwenye hali yake, anampeleka Rachel kwa yule mama mwenye uamuzi, anasimama pembeni. Sehemu aliyopewa ili alalamike kwamba anamtumikia Rachel inaishia kwa yeye kumtumikia Rachel. Anaahidiwa kwamba mwaka ujao, wakubwa wakishamaliza shule, zamu itakuwa yake.

Mwaka ujao ukafika. Sehemu ya kwanza ya msimu wa nne ina mashindano ya nani awe Rachel mpya. Tina yumo. Anachaguliwa Blaine, kijana aliyeingia kikundini baada yake, na kwenye mlango anasimama msichana mgeni kabisa, Marley Rose, ambaye ndiye atakayeandikiwa msimu. Msimu wa tano kuna hata sehemu yenye jina la Tina ndani yake. Anakuwa malkia wa dansi ya shule, anapanda jukwaani, na wanammwagia ndoo nzima ya kile kinywaji cha barafu.

Nilipofika hapo nikaona tofauti ambayo zamani sikuwa naiona. Kuna zamu na kuna hadithi. Zamu ni kuitwa mbele mara moja, ukaimba, ukapigiwa makofi, ukarudi nyuma, na wiki ijayo hakuna anayekumbuka. Hadithi huacha alama. Jambo likikupata leo, kesho unatembea tofauti, na mwaka ujao watu wanaokuzunguka bado wanalipa au wanavuna. Tina alipewa zamu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Hadithi hakupewa.

Mercedes naye, aliyeigizwa na Amber Riley, ana sauti ambayo mimi siwezi kuieleza zaidi ya kusema mashaallah. Ukiniuliza mimi, ndiyo sauti kubwa kuliko zote katika tamthilia ile. Msimu wa kwanza anaingia kundi la wasichana wa kushangilia, anaambiwa apunguze uzito, anajinyima chakula mpaka anazimia. Quinn, ambaye naye ana siri zake, ndiye anayemshika mkono. Dakika chache za kweli kabisa. Wasichana wetu hapa pwani, wanaoambiwa na mashangazi kwenye kila harusi kwamba wamenenepa au wamekonda, wangeuona ukweli huo. Kisha msimu wa pili wakampa kisa cha nini? Viazi. Sue anapiga marufuku viazi vya kukaanga kwenye kantini ya shule, na Mercedes anaongoza maandamano. Yule aliyezimia kwa kujinyima sasa anachekesha watu kwa kupenda kula, na hakuna mtu ndani ya tamthilia anayekumbuka kwamba aliwahi kuzimia.

Msimu wa tatu wakamtendea haki kidogo. Yeye na Rachel wanagombea nafasi moja kwenye mchezo wa shule. Mercedes anaimba vizuri zaidi siku hiyo, na kila aliyekaa pale anajua. Waamuzi wanaogopa kuamua, wanasema nafasi igawanywe, huyu usiku huu na yule usiku ule. Mercedes anakataa. Anawaachia, anatoka kikundini, anajiunga na kikundi kingine cha wasichana. Hiyo ni hadithi, kwa sababu ina gharama: kikundi kinapasuka, marafiki wanashindana, na kwa sehemu kadhaa tamthilia nzima inatembea kwa uamuzi wa msichana wa nyuma. Halafu kikundi chake kinashindwa, wanarudishwa, na mambo yanaendelea kama kwamba hapakuwa na kitu.

Kwa nini basi Rachel, na si Mercedes? Sababu moja ni ramani ya mwanzo. Tamthilia ya televisheni huuzwa kwa kituo kwa sehemu ya kwanza, na sehemu ya kwanza ya Glee iliandikwa juu ya mwalimu, Rachel na Finn. Wengine waliwekwa ili kikundi kionekane kikundi. Nyumba ikishajengwa kwa nguzo tatu, kuongeza ya nne baadaye ni kazi, maana paa limeshakaa. Misimu miwili ya mwanzo karibu yote iliandikwa na wale wabunifu watatu peke yao. Hata kama wana nguvu za simba, watu watatu hawaendi mbali na ramani yao wenyewe. Waandishi zaidi waliletwa msimu wa tatu, na ndipo tunapoona Mike Chang, ambaye msimu wa kwanza alikuwa akicheza nyuma tu na Sue akimwita "Mwasia mwingine", anapata kisa cha baba anayetaka asome na mama anayejua mwanawe amezaliwa kucheza.

Kijana aliyekuwa akicheza karibu na Mike msimu huo wa kwanza, Matt Rutherford, hata bahati hiyo hakuipata. Alikuwa mwanachama kamili wa kikundi, yumo kwenye picha zote. Msimu wa pili ulipoanza ikasemwa kwa sentensi moja kwamba amehamia shule nyingine. Nilipomuuliza binti yangu kama anamkumbuka Matt, akasema, "Matt yupi?"

Sababu nyingine ni fedha, na hapa Glee haifanani na tamthilia nyingi. Nyimbo zake ziliuzwa moja moja kwenye intaneti. Wimbo wa sehemu ya kwanza, "Don't Stop Believin'", ulifika nafasi ya nne kwenye chati ya Billboard Hot 100. Kufikia Februari 2011 waimbaji wa Glee walikuwa wameingiza nyimbo nyingi kwenye chati hiyo kuliko Elvis Presley, aliyekuwa na 108. Mwezi huo huo, Februari 6, sehemu iliyorushwa baada ya fainali ya mpira wa Wamarekani, Super Bowl, ilitazamwa na watu milioni 26.8. Fikiria umekaa kwenye meza ya waandishi wiki hiyo. Wimbo unauzwa wiki hii. Hadithi ya Tina, ukiipanda leo, utaivuna labda baada ya mwaka. Mara nyingi wimbo ulitangulia na hadithi ikashonwa kuuzunguka. Kulikuwa na sehemu nzima ya nyimbo za Madonna, nyingine ya Britney Spears, nyingine za albamu moja tu. Wiki ya Madonna, kila mhusika lazima awe na jambo linalofaa wimbo wa Madonna, hata kama wiki iliyopita alikuwa na jambo jingine kabisa.

Lakini hapo hapo kuna ajabu. Heather Morris aliitwa kuwafundisha waigizaji kucheza "Single Ladies". Akapewa nafasi ndogo ya Brittany, msichana wa nyuma anayesema mambo ya kijinga. Watu wakampenda, mistari ikaongezwa, na sehemu ya Britney Spears ikajengwa juu yake. Rafikiye Santana, aliyeigizwa na marehemu Naya Rivera, alianza kama kivuli cha Quinn, mwenye ulimi mkali basi. Wote wawili walipandishwa kuwa waigizaji wa kudumu msimu wa pili. Na Santana ndiye mfano wangu wa mtu wa nyuma aliyepewa hadithi hasa. Ulimi wake unapata sababu; hofu yake inapata jina; bibi yake anayempenda anamfukuza nyumbani mwake, na mlango huo uliofungwa haufunguki wiki ijayo wala msimu ujao. Unakaa umefungwa hadi msimu wa mwisho. Msomaji anaweza asikubaliane na chanzo cha ugomvi wao, lakini bibi na mjukuu waliokatana namna ile atawatambua.

Kwa hiyo jibu nililompa binti yangu, kwamba si kila mtu anaweza, halikuwa kweli. Brittany na Santana waliwekwa nyuma zaidi hata ya Tina. Walitoka kwa sababu kuna mtu alitazama nyuma akasema, hebu huyu.

Mambo mengine hayakuwa ya kalamu kabisa. Sam Evans alipewa penzi na Mercedes mwisho wa msimu wa pili, siri tamu iliyofichuliwa sekunde za mwisho. Mwigizaji wake, Chord Overstreet, hakupandishwa kuwa wa kudumu msimu wa tatu ulipoanza, basi Sam akahama mji, na Mercedes akaonekana na mpenzi mwingine tusiyemjua. Katikati ya msimu Sam akarudishwa. Mtazamaji anaona moyo wa msichana unayumba. Kumbe kinachoyumba ni mkataba. Kisha kulikuwa na shindano la televisheni, The Glee Project, ambalo zawadi yake ni kuingia kwenye tamthilia kwa sehemu saba. Ndivyo walivyoingia Rory wa kutoka Ireland na Joe mwenye nywele za rasta. Waliingia kwa shindano, si kwa hadithi, na ilionekana: wamekaa kwenye viti, wanatabasamu, hakuna anayejua wanataka nini maishani. La kuchekesha ni kwamba Alex Newell, ambaye hakushinda shindano hilo na alipewa sehemu mbili tu, ndiye aliyedumu, na mwaka 2023 akatwaa tuzo ya Tony kwenye jukwaa la Broadway.

Usidhani kuwa mbele ndiyo salama. Quinn alikuwa mbele tangu siku ya kwanza, na yeye alirushwa kama mpira. Anapata mimba, anajifungua siku ya mashindano, mtoto anachukuliwa na mama mwingine. Ukitaka kisa cha kumtikisa mtu maisha yake yote, ndicho hicho. Msimu wa pili shida yake kubwa ni taji la dansi ya shule. Msimu wa tatu anakuja na nywele za waridi, anataka mtoto wake, anafanya vitimbi kumpata, anaacha. Anagongwa na gari akiwa anaandika ujumbe kwenye simu, tunaambiwa amepooza miguu, na baada ya sehemu chache tu anasimama kwenye dansi. Artie alikuwa amekaa kwenye kiti chake akitazama. Huyo Artie, waliwahi kumpa mashine ya kumsaidia kutembea siku ya Krismasi, kila mtu akalia, na mashine haikuwa na kazi tena baada ya hapo. Visa kama hivi ni zamu kubwa zilizovaa nguo za hadithi. Vinakuliza, halafu vinasahauliwa na wale wale waliokuliza.

Na kuna lililo nje ya uwezo wa mtu yeyote. Julai 13, 2013, Cory Monteith, aliyemwigiza Finn, alifariki dunia akiwa na miaka 31. Nguzo moja kati ya zile tatu ilianguka. Murphy alieleza baadaye kwamba mwisho aliokuwa ameupanga ni Rachel kurudi Ohio kwa Finn. Sehemu ya maombolezo ilirushwa Oktoba 10, 2013. Tuliitazama kimya, na mke wangu, ambaye humcheka kila anayelia mbele ya televisheni, alikwenda jikoni akakaa huko mpaka ikaisha. Baada ya hapo tamthilia ilikosa pa kwenda. Walikuwa tayari wamejigawa mara mbili tangu msimu wa nne, nusu New York na wakubwa waliomaliza shule, nusu Lima na watoto wapya, na zile dakika thelathini zikagawanywa tena kati. Msimu wa tano ukapunguzwa hadi sehemu 20, wa mwisho 13.

Waliolipia ni watoto wapya. Marley Rose, binti wa mama anayepika na kupakua chakula kantini, anatunga nyimbo zake mwenyewe na kuzificha. Mama yake anachekwa kwa unene wake na yeye yuko pale kwenye foleni anasikia. Melissa Benoist alimwigiza kwa upole sana. Kulikuwa na tatizo lake la chakula, kulikuwa na wavulana wawili, kulikuwa na zile nyimbo ndani ya kijitabu. Katikati ya msimu wa tano kikundi kikavunjwa na mkuu wa shule, kamera ikahamia New York moja kwa moja, na yule msichana akaachwa kwenye korido.

Ijumaa iliyopita kamati yetu ya Maulidi ilikaa. Nilitoa rai kwamba mwaka huu kasida ya kwanza ianzwe na mwingine. Mzee mmoja, Mungu amzidishie umri, akaniuliza kwa upole: "Sasa huyo tuliyemzoea amekosa nini, mwanangu?" Nikasema hajakosa kitu. Akauliza, na huyo mwingine akikosea mbele ya wageni? Nikasema akikosea tutampa tena kasida ya pili, na Maulidi ya mwakani tutampa tena. Mwenzangu mmoja akacheka akasema kumbe ni bintiyo. Nikamwambia la, wangu bado ataitikia. Nilikuwa na jina la mtoto mwingine, anayekaa mstari wa mwisho, ambaye hata sauti yake hasa siijui. Hatukuafikiana. Tutakaa tena baada ya wiki mbili.

Nyumbani tumeshaingia sehemu za New York. Rachel yuko Broadway, Mercedes anatafuta kurekodi, Tina anakuja na kuondoka. Binti yangu huangalia kila sehemu inapoanza, kisha huuliza kama leo Marley atarudi. Nimeshasoma mpaka mwisho kwenye intaneti. Bado sijamwambia.